Macho Yake Hayajatulia

Kabla hapajapambazuka nilisikia mfuniko wa sufuria ukitetemeka juu ya moto. Uji wa ulezi ulikuwa umeanza kuchemka, na mjukuu wangu Kalista alikuwa ameubana mfuniko kwa kidole ili usipige kelele ukaniamsha. Hakujua kwamba nilikuwa macho zamani. Mtu ambaye macho yake yamefifia huamka kwa masikio. Nilibaki chini ya blanketi nikiusikiliza ule mtetemo mdogo, na moyoni nikakishukuru kidole chake, maana mfuniko ulikuwa wa moto.

Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Sumbawanga mwezi huo haina adabu.

"Bibi, vaa na koti la baba juu ya sweta," Kalista akaniambia.

"Nitaonekana kama gunia la mahindi."

"Gunia lenye joto. Twende, watu wanawahi namba."

Wataalamu wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa wiki moja, na kanisani tulitangaziwa kwamba wenye mtoto wa jicho wajitokeze. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeziba kabisa. La kulia lilikuwa likiona kama mtu anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni. Nina miaka sabini na mbili. Nilitaka nichambue maharage yangu mwenyewe, nisome kitabu changu cha sala bila kumsumbua mtu. Sikuwa na sababu nyingine. Kilichonipata huko sikukiendea.

Kinamhusu Coleta. Coleta ni binti wa mwanangu Gabriel, aliyefariki mtoto akiwa bado mdogo. Miaka kumi na minne iliyopita, Coleta akiwa na miaka kumi na mitatu, mimi bibi yake nilimfanya aonekane mwongo mbele ya ukoo mzima. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumbani kwangu Izia, ingawa anaishi Kizwite, hapa hapa mjini. Na mpaka asubuhi ile ya baridi niliamini kwamba nilikuwa nimetenda haki.

Foleni ilikuwa ndefu. Tulikaa kwenye mabenchi ya nje, upepo ukitupitia miguuni. Mama mmoja wa Kisukuma, mke wa mfugaji, aliniona natetemeka, akanigawia upande wa shuka lake bila hata kuniuliza jina. Tukakaa tumejifunika pamoja kama watoto wa tumbo moja hadi nilipoitwa. Naye akaingia nyuma yangu, maana namba yake ilifuata yangu.

Aliyenipima alikuwa kijana mwembamba aitwaye Meshack. Kabla ya kunigusa uso alisugua viganja vyake vikapata joto. Jambo dogo, lakini nililiona, pamoja na upofu wangu.

"Bibi, weka kidevu hapa. Paji la uso liguse huo mkanda. Ndani utaona taa ndogo nyekundu. Umeiona?"

"Naiona kama kaa la moto kwenye moshi."

"Hiyo hiyo. Iangalie tu, usihame. Napima jicho ili tujue kioo cha kukuwekea."

Nikaiangalia. Yeye alikuwa na karatasi ya kujaza, na kwa kuwa watu walikuwa wengi akaona aniulize huku anapima.

"Umewahi kutumia dawa ya matone?"

"Mwaka juzi."

"Inaitwaje?"

"Jina sijui. Kichupa kidogo."

"Kifuniko chake kilikuwa cha rangi gani? Nitaijua kwa rangi."

Nikaanza kutafuta.

"Aa, jicho limetoka. Rudi kwenye taa, Bibi."

Nikarudi kwenye taa. Rangi ikapotea.

"Haya, kifuniko?"

"Ngoja nikumbuke."

"Limetoka tena! Linakwenda juu, kushoto. Kuna nini huko juu?"

"Rafu," nikasema.

"Rafu gani? Hapa ni ukuta mtupu."

"Rafu ya nyumbani kwangu. Kichupa kilikuwa pale, karibu na kibatari. Sasa wewe hutaki nikitazame, rangi nitaijuaje?"

Watu wakacheka. Yule mama wa Kisukuma akasema kwa sauti, "Mwache bibi aende kwao kwanza, kijana, atarudi!" Wakacheka zaidi.

Meshack naye alicheka, lakini si kwa kunidharau. Aliniwekea mkono begani. "Kosa ni langu, Bibi. Maswali yasubiri, kwanza nipime. Nikikuuliza kitu huku nimelishika jicho lako, nakuonea. Mtu akitafuta kitu kichwani, jicho huondoka naye. Huenda pale kitu kilipokuwa, hata kama chenyewe hakipo tena. Naliona hapa kila siku, kwa wazee na kwa vijana. Na ukilizuia jicho lisiende, mara nyingi hata kile kitu mtu anakikosa."

Akapima, akamaliza. Nilipoondoa kidevu changu nikageuza uso pale nilipotaka, na rangi ikaja yenyewe.

"Kijani," nikasema.

"Kijani," akaandika. "Ahsante, Bibi. Anayefuata."

Lakini mimi sikuinuka. Nikamuuliza, "Mwanangu, na mtu akiwa anasema uongo, macho yake yanakwendaje?"

"Popote, Bibi. Jicho haliwezi kukuonyesha uongo. Wapo waongo wanaokutazama wametulia kama picha ukutani. Na wapo wakweli ambao macho yao hayakai hata kidogo, kwa sababu wanatafuta." Akaniinamia. "Mbona unauliza? Kuna mtu kakudanganya?"

"Hapana," nikasema. "Hakunidanganya."

Nje, Kalista akanishika mkono. "Bibi, wamekuambia nini? Mbona umenyamaza hivyo?"

"Wamesema nitaona," nikamjibu.

Sasa nisimulie nilichofanya.

Mume wangu Marselino aliugua siku nyingi, na siku tisa za mwisho hakuweza kuinuka. Chumba cha ndani kilikuwa na unyevu, kwa hiyo tulileta kitanda chake sebuleni, kwenye kona ya dirisha, apate jua la asubuhi. Mimi nilitandika mkeka chini, kando ya kitanda. Jane, mjane wa Gabriel, alikuwa akipika na kufua, na binti yake Coleta alikuwa akimnywesha babu yake maji kwa kijiko. Siku zote tisa sikulala. Alfajiri ya siku ya kumi usingizi ulinishinda, na nilipozinduka majogoo walikuwa wanawika. Jane alikuwa jikoni akichemsha maji. Coleta alikuwa amesimama kando ya kitanda, kijiko mkononi. Marselino alikuwa ameondoka.

"Babu alisema na mimi," mtoto akaniambia.

"Alisema nini?"

"Alisema shamba la bondeni ni la mama na mimi. Na alisema..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Kaite watu."

Nitasema ukweli sasa, kwa kuwa niliuficha miaka mingi hata mbele ya padri. Kilichonichoma kwanza hakikuwa kifo. Kilikuwa wivu. Miaka arobaini na mmoja nimekaa na Marselino, nimezika naye watoto wawili, tumelima pamoja matuta ya kufukia majani kama walivyolima wazee wetu, mpaka mikono ikawa kama gome. Na neno lake la mwisho akampa mtoto, mimi nikiwa pale pale chini. Nilijiuliza kwa nini hakuniita. Sikupata jibu, na kwa sababu sikupata jibu nikaona ni afadhali liwe halikusemwa kabisa.

Baada ya siku arobaini ukoo ukakaa sebuleni kwetu kugawa mali ya marehemu. Kitanda kilikuwa kimetolewa siku ya pili ya msiba, na pale kwenye kona ya dirisha tulikuwa tumepanga magunia ya mahindi na maharage yaliyoletwa na majirani. Mwenyekiti alikuwa Adolfu, mdogo wake Marselino. Shamba la bondeni ndilo lilikuwa zuri kuliko yote, na kwa desturi lingekwenda kwa mwanangu mkubwa, Urbano. Jane alikuwa na binti tu, hakuwa na mtoto wa kiume. Bila neno la marehemu hakuwa na kitu.

Lazima niseme pia kwamba wakati huo nilikuwa mwalimu wa mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nilifundisha miaka kumi na tisa. Nilikuwa na kanuni yangu, na niliipenda: mtoto akisema sala au akijibu swali, macho yawe kwenye msalaba. Yakihama, arudi mwisho wa mstari. Wazazi walinisifu. Walisema watoto wa Mama Urbano wakisimama kusema, hawatikisiki. Kutoka huko ikawa desturi hata katika ukoo wetu: mwenye kutoa ushahidi husimama katikati ya chumba na kuutazama msalaba.

"Mtoto, simama hapa," Adolfu akasema. "Utazame msalaba. Babu yako alisema nini?"

Coleta akasimama. Akautazama msalaba uliokuwa juu ya mlango, akaanza vizuri. Kisha Adolfu akamuuliza, "Mpaka wa hilo shamba alisema uishie wapi?"

Mtoto akageuza macho kwenye kona ya dirisha.

"Msalaba!" Adolfu akamwambia.

Akarudisha macho. Akanyamaza. Akasema, "Kwenye mkaratusi." Macho yakaenda tena kwenye kona. "Hapana, kwenye... kwenye kisima."

"Mkaratusi au kisima?"

"Mnaona anavyotazama magunia?" shemeji mmoja akasema. "Anasoma kwenye magunia!"

"Labda mama yake kamwandikia pale," mwingine akadakia, na watu wakacheka. Jane alikuwa amekaa chini karibu na mlango. Aliinamisha kichwa tu.

Wakamrudisha mara ya pili. Wakamrudisha mara ya tatu. Kila macho yake yalipokimbilia kwenye kona wakamwita arudi msalabani, na kila aliporudi maneno yalimkatika. Mara ya tatu alitaja mpaka ambao haupo kabisa, akaanza kulia.

Adolfu akanigeukia. "Mama Urbano, wewe ndiye mwalimu wa watoto. Unawajua kuliko sisi. Unasemaje?"

Ningeweza kusema kwamba mtoto amechoka. Ningeweza kusema kwamba siku ile alfajiri aliniambia neno hilo hilo kabla mama yake hajatoka jikoni, na kwa hiyo hakuna aliyemfundisha. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalo mdomoni.

Nikasema, "Macho yake hayajatulia."

Basi. Kikao kikaisha. Shamba likaenda kwa Urbano, na simlaumu, maana alipewa. Jane hakugombana na mtu. Jioni ile aliosha vyombo vyote vya msiba, masufuria makubwa ya jirani na ya kwetu, akayafuta na kuyapanga yameinama, kila moja mahali pake. Asubuhi akachukua mtoto wake na mzigo mmoja, wakaenda Kizwite kupanga chumba. Nililiona lile tendo la vyombo, nikajisemea, huyu mwanamke ana kiburi. Leo najua kwamba kilikuwa kitu kingine, na mwenyewe hayupo nikamwambie. Jane alifariki miaka mitatu iliyopita. Nilikwenda kwenye mazishi na debe la maharage, nikakaa nyuma. Coleta alipiga goti akanisalimia, "Shikamoo, Bibi," akanitazama usoni bila kupepesa, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani na kuogopa kuimwaga.

Wakanifanyia upasuaji jicho la kulia; la kushoto walisema lisubiri. Siku ya pili wakanifungua bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa kilikuwa uso wa Kalista, na chunusi zake zote.

"Umekua," nikamwambia.

"Nilikua zamani, Bibi. Wewe ulikuwa hujaangalia."

Alisema kwa utani. Mimi sikuweza kucheka.

Nilingoja wiki mbili, kama nilivyoagizwa, nisiiname wala kubeba kitu. Siku ya kumi na tano nikamwambia Kalista aniitie bodaboda ya kwenda Kizwite, naye akae nyuma yangu anishike. Njiani niliona mashamba yamevunwa, mabua yamelala, na bondeni pale palipokuwa shamba letu niliona nyumba. Urbano alikata viwanja akauza. Kuna nyumba yenye bati jekundu pale Jane alipokuwa akipanda maharage yake. Hapana cha kurudisha.

Coleta ni fundi cherehani. Kibanda chake kina mlango mmoja unaoangalia barabara, na ndani kuna meza, cherehani, pasi ya mkaa, na sare za shule zilizoning'inia ukutani. Kalista akasalimia, akasema anakwenda sokoni, akatuacha. Mtoto yule ana akili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu kiti. Pole na macho. Nilisikia umefanyiwa upasuaji."

"Nimepona. Sasa naona mpaka vumbi."

"Basi usitazame chini ya meza yangu," akasema, lakini hakutabasamu. Alinitazama moja kwa moja, macho yake hayakusogea hata kidogo, na nilipoyaona kwa jicho langu jipya nikajua. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Nilimfundisha siku moja tu, naye akashika kwa miaka kumi na minne.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari za taa nyekundu na kichupa na rafu. Nilimwambia kwamba siku ile alikuwa anatazama mahali kitanda kilipokuwa, na sisi tukaona magunia. Nilimwambia kwamba nilijua mama yake hakumfundisha, na nikanyamaza. Alikuwa anakanyaga cherehani wakati wote, mguu unakwenda, sindano inakwenda, akishona ukosi wa shati.

"Bibi, hayo yalikwisha," akasema.

"Hayakuisha."

"Umekuja kwa ajili ya shamba?"

"Shamba limejengwa."

"Najua. Huwa napita pale." Mguu ukasimama. "Kwa hiyo umekuja kunipima tena? Nisimame? Msalaba uko wapi, nikuletee wa mama?"

Nilistahili. Nikasema, "Nimekuja kukuambia kwamba wewe hukukosa. Nilikosa mimi."

Barabarani watoto wa shule walipita wakipigiana kelele, mmoja akamwita, "Fundi, mambo!" naye akajibu, "Poa," bila kugeuka. Kisha akasema taratibu, "Unajua kilichoniuma, Bibi? Si kucheka kwao. Nilikuwa nayo maneno ya babu, yote, kama yalivyo. Niliyalalia siku arobaini nikiyarudia nisiyapoteze. Mliponisimamisha mara ya tatu nilikuwa nasema chochote ili mniruhusu kukaa. Sasa sijui lipi la babu na lipi la hofu yangu. Mama aliniuliza mpaka anakufa. 'Mpaka wa shamba ulikuwa wapi, Coleta?' Nikamwambia sijui, mama. Aliniambia si kitu."

Machozi yalinitoka, na daktari aliyenipasua jicho alikuwa amenikataza kufuta kwa mkono. Coleta akainuka, akachukua kipande cha kitambaa laini kutoka kwenye mabaki yake, akachagua kilicho safi, akanipa. Hata katika hasira yake alichagua kilicho safi.

Nikafikiri. Kisha nikakigeuza kiti changu kikaelekea barabarani, nikampa mgongo.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Sikutazami. Tazama unapotaka. Ukipata kitu, niambie. Usipopata, si kitu. Nimekaa tu."

"Bibi, watu wanapita watasema tumegombana."

"Waseme."

Nikamsikia akipumua kwa pua, kama anayetaka kucheka akajizuia. Akarudi kwenye cherehani, akashona kidogo, akaacha. Mwanamke mmoja alipita na kapu la nyanya akanisalimia, nikamwitikia. Jua lilikuwa limenifikia magotini. Sikujua Coleta alikuwa anatazama wapi, na sikutaka kujua.

"Kitanda kilikuwa pale ilipo pasi," akasema nyuma yangu. Sauti ilikuwa imebadilika. "Dirisha upande huo. Kichwa cha babu huku. Wewe ulikuwa chini, umelala upande, mgongo wako umegusa mguu wa kitanda. Mtandio ulikuwa umekutoka kichwani."

Nikashika kiti kwa mikono miwili.

"Nilimpa maji vijiko viwili. Cha tatu akakataa. Akaniuliza, 'Bibi yako amelala?' Nikasema ndiyo. Nikainama nikuamshe, nilikuwa nimeshakushika bega. Akasema, 'Mwache. Siku tisa hajalala. Ukimwamsha ataanza tena kunihangaikia. Mwache alale, nitakuambia wewe.' "

"Hilo ulilisema siku ile?" nikauliza.

"Nilianza nalo. Ndilo lilikuwa la kwanza. Babu Adolfu akasema hilo si la kikao, sema la shamba."

Nilikuwepo. Nilikaa hatua nne kutoka kwake, na sikulisikia. Nilikuwa nimeshughulika kuyachunga macho yake yasihame. Miaka kumi na minne nimeishi na jiwe kifuani kwamba Marselino alinipita akamwendea mtoto, kumbe alinihurumia, na aliyebeba huruma yake kuniletea ndiye niliyemfukuza.

"Na la shamba?" nikauliza, kwa ajili ya Jane.

Akatafuta. Nilisikia kiti chake kikilia anavyojigeuza huku na huku.

"Sioni," akasema mwishowe. "Naona midomo yake inakwenda. Maneno hayapo. Kila nikikaribia nasikia watu wanacheka."

"Basi acha, mwanangu. Acha."

Nikamwambia nitakwenda kwa Adolfu, ambaye sasa anatembelea fimbo, na kwa Urbano, na kwa kila aliye hai kati ya waliokaa sebuleni siku ile, niwaambie kwamba mtoto alisema kweli na mimi ndiye niliyekosa. Akaniuliza nitawathibitishiaje, na yeye mwenyewe hakumbuki mpaka. Nikamwambia sitathibitisha kitu. Nitawaambia tu nilichokijua siku ile nikakinyamazia. Alikuja mbele yangu akakigeuza kiti, mimi nikiwa nimekikalia, akaniambia, "Umekuwa mwepesi." Akatoa sweta lake msumarini akanitupia mabegani, kwa sababu jua lilikuwa limehama na upepo umeanza.

Kalista alirudi na mboga na samaki wawili aina ya migebuka. Bodaboda ikasimama. Wakanisaidia kupanda, mmoja huku, mmoja huku, na Coleta akanifunga sweta vifungo vyote kama mtoto anayepelekwa shule.

"Sijasema nimesamehe, Bibi," akaniambia chini chini, Kalista asisikie.

"Sikusikia ukisema."

"Naweza nisiseme mwaka huu."

"Sawa, mwanangu."

Dereva akawasha pikipiki. Coleta alikuwa bado ameshika mkono wa sweta.

"Jumapili sifungui kibanda," akasema. "Nakuwa peke yangu tu, nimekaa. Uje tena, Bibi. Uje hata kama sijasema."